Ilani ya Ghala Moja

Sisi tunaotengeneza na kutunza mifumo ya kompyuta katika taasisi za umma Tanzania tumeungana kudai jambo moja: msimbo wote uliolipiwa na serikali ukae katika ghala la taasisi, usikae mfukoni mwa mtu.

Leo idara hii inautunza kwenye flashi, ile kwa mkandarasi, nyingine katika akaunti binafsi ya kijana aliyekwishahamishiwa mkoani. Akiacha kazi, au akikosana na bosi, mfumo unabaki ukifanya kazi bila mtu wa kuurekebisha. Kisha inatangazwa zabuni ya mfumo mpya. Mwananchi analipia kitu kilekile mara ya pili, nasi tunakiita maboresho!

Desemba 2021 ulipotangazwa udhaifu wa Log4j, maktaba ya Java iliyomo ndani ya programu nyingi mno, swali lilikuwa fupi: mifumo yetu ipi inaitumia? Mwenye ghala moja, lenye orodha ya maktaba za kila mfumo, anatafuta jina na kupata jibu. Asiye nalo anapiga simu idara kwa idara, na wadukuzi hawamsubiri.

Tunataka Git, zana ya kutunza msimbo na historia ya kila badiliko lake, kila idara. Linus Torvalds aliiandika 2005 kwa ajili ya Linux, kazi ya maelfu ya watu waliotawanyika duniani. Itashindwaje na ghorofa tatu za jengo moja? Kila badiliko lisomwe na mtu wa pili kabla ya kupokelewa. Majaribio yajiendeshe yenyewe. Asiwepo mtu, hata mkuu wa TEHAMA, anayepandisha msimbo kwenye seva kwa mkono wake Ijumaa jioni. Nywila ziondolewe ndani ya msimbo. Kihariri kila mtu abaki na chake, hilo halitugombanishi.

Tutaambiwa kila idara ina mahitaji yake. Hata makusanyo yangeweza kutetewa hivyo, lakini GePG, mfumo wa serikali wa malipo ya kielektroniki, ulipoanza 2017, hospitali haikugeuka bandari kwa kuwa zote zinatoa namba ya malipo ya aina moja. Na Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019 tayari inazitaka taasisi zifuate viwango.

Tunachokihofia zaidi ni ushindi wa karatasi: leseni za bei mbaya zinanunuliwa, semina inafanyika Morogoro, posho zinalipwa, na msimbo unarudi kwenye flashi. Kwa hiyo zana zichaguliwe na wanaozitumia kila siku, na fedha za mkandarasi zisitoke mpaka msimbo wake uwe umeingia ghalani na mtumishi wetu awe ameweza kuujenga upya bila kumpigia simu.

Tuanze na mfumo wa kuomba likizo. Ukizimika kutwa nzima hakuna mgonjwa atakayekosa dawa. Mfumo wa mishahara uguswe mwaka wa fedha unaofuata, mikono ikishazoea.