Taa yangu ya Tiwi na udongo wa Mrima

Juzi stima zilipotea hapa Tiwi. Nikawasha taa ya sola, nikaendelea kuandika programu. Hivi umewahi kujiuliza ule mwanga mweupe unatoka wapi?

Ndani ya taa mna kijiwe kinachotoa mwanga wa buluu, kimefunikwa unga wa njano wenye seriamu. Rangi hizo zikichanganyika, jicho linaona nyeupe. Na seriamu ni mojawapo ya madini adimu, ambayo yapo hapa hapa Kwale, katika kilima cha Mrima.

Lakini si kila elektroni inayoingia kwenye kijiwe hutoa mwanga. Nyingine hunaswa penye kasoro, nishati ikaishia kuwa joto. Hadubini ya elektroni huiona kasoro yenyewe, ila picha yake haitembei. Ndipo Mmisri Ahmed Zewail, mshindi wa Nobel ya kemia mwaka 1999, na wenzake wa Caltech wakaiunganisha na leza. Pigo la leza hugawanywa: sehemu moja inaamsha sampuli, nyingine inang'oa elektroni za kupigia picha. Ukitaka ya pili ichelewe kwa sehemu moja ya trilioni ya sekunde, unairefushia njia kwa milimita 0.3 tu! Rudia hivyo mara nyingi, uunge picha, upate filamu. Katika mashine nyingine elektroni ndizo zinazoamsha sampuli, kisha hupimwa mwanga unaotoka na muda unaodumu.

Utasema: sisi na leza wapi na wapi? Ndugu yangu, hapo ndipo tunapoliwa. Mchanga wetu wa titani ulipakiwa melini Likoni kuanzia 2014 hadi mgodi ulipofungwa mwishoni mwa 2024. Umetuachia maabara ngapi? Mrima nako tumezozania leseni, iliyofutwa 2013, na kesi yake ikaamuliwa 2018.

Msimamo wangu: udongo wa Mrima usitoke bila mkataba unaosomesha vijana wa Kwale sayansi ya udongo huo. Tena si lazima tungoje hadubini ya mamilioni. Picha zile ni data, na programu za kuzichambua, HyperSpy na LumiSpy, zimeandikwa kwa Python na ni za bure. Laptopu tunazo. Kazi hiyo mimi na wewe tunaweza kuianza leo usiku, stima zikirudi.

Au wewe waonaje?