Radi ikinguruma, mpira usimame

Hapa Baraka hatuna kiwanja cha gofu. Wengi wetu mchezo huo tumeuona kwenye televisheni tu: watu wanatembea juu ya majani yaliyokatwa vizuri, mmoja anapiga kampira kadogo kwa fimbo, wengine wanapiga makofi polepole. Kinshasa wanacheza, Lubumbashi wanacheza, Kigali pia. Kule Entebbe, Uganda, kuna klabu iliyoanza mwaka 1901, karibu na ziwa Victoria. Ni mchezo wa wenye pesa, sitaki kumdanganya mtu. Lakini wenye pesa hao wana sheria moja ambayo sisi wa mpira wa miguu huku Fizi na Baraka tungeweza kuichukua bila kulipa hata faranga moja: radi ikikaribia, mchezo unasimama. Hakuna kubishana.

Naandika hivi kwa sababu ya fainali moja ya mtaa niliyoihudhuria msimu wa mvua uliopita. Sitataja mtaa wala timu, wenyewe wanajijua. Zawadi ilikuwa mbuzi, tena mbuzi mkubwa, amefungwa kamba pale pembeni na watoto wanamchezea masikio. Tulianza saa kumi kasoro, kwa kuchelewa kama kawaida yetu. Mbingu ilikuwa safi. Kipindi cha pili, wingu jeusi likatokea upande wa milima ya Fizi, na ngurumo ya kwanza ikasikika mbali. Timu moja ilikuwa inaongoza kwa bao 1. Mwamuzi akatazama juu, akatazama waandalizi. Mmoja wao akapaza sauti: « Malizeni tu, bado dakika ishirini! » Watazamaji wakashangilia. Na mimi nilishangilia, nikiwa na kalamu yangu na daftari langu, kwa sababu nilitaka kupata matokeo niyapeleke jioni ileile.

Dakika chache baadaye radi ilipiga mti wa ngazi nyuma ya goli. Sijui niieleze vipi sauti ile. Watu karibu 30 walikuwa wamejificha chini ya mwembe, mita chache kutoka pale. Kijana mmoja alianguka, akakaa chini muda mrefu bila kusema neno, halafu akasimama. Mungu alisaidia, hatukuzika mtu. Mbuzi alikata kamba na kukimbia, na mpaka leo wanabishana nani alimpata.

Lakini jambo linalonifanya niandike si mti ule. Kesho yake asubuhi, sokoni, hakuna aliyeuliza kwa nini mchezo haukusimamishwa. Swali lilikuwa moja tu: nani ameituma? Kufika mchana jina lilikuwa tayari linatembea. Ni mzee mmoja, baba mkubwa wa mchezaji wa timu iliyokuwa inashindwa. Mzee yule alihama kwake usiku, akaenda kulala kwa ndugu zake zaidi ya wiki mbili. Ninyi mnaosoma hapa mnajua vizuri katika wilaya yetu jina likitajwa hivyo linafika wapi. Wakamchape tunawajua. Wazee waliochomewa nyumba tunawajua, na walio makaburini tunawajua pia.

Kwa hiyo nasema: kila mchezo tunaouendeleza chini ya radi unaweza kuua mara mbili. Radi inaua mmoja, sisi tunamuongeza wa pili.

Kwanza tuelewe tunaishi wapi. Mwaka 2016 wataalamu walichapisha utafiti wa satelaiti uliohesabu radi dunia nzima kwa miaka 16. Mahali pa kwanza ni ziwa Maracaibo, kule Venezuela, radi 233 kwa kila kilometa mraba kwa mwaka. Pa pili duniani, na pa kwanza Afrika nzima, ni Kabare. Ndiyo, Kabare hii yetu ya Kivu ya Kusini, radi 205. Kampene ya Maniema na Sake ya Kivu ya Kaskazini nazo zimo katika orodha ya juu. Sisi tuko katikati ya nchi ya radi, na sababu haina siri. Chini tuna ziwa Tanganyika, maji yenye joto yaliyo karibu mita 770 juu ya bahari. Nyuma yetu kuna milima ya Itombwe inayopita mita 3,000. Jua linapasha joto mabonde, hewa yenye unyevu inapanda mlimani, inafika juu inapoa, wingu linajaa. Ndiyo maana mara nyingi ngurumo za mlimani zinaanza mchana ukisonga, saa ileile tunayopenda kucheza. Usiku mambo yanahamia ziwani, na wavuvi wetu wa ndakala wanalijua hilo kuliko mtaalamu yeyote.

Mzee mvuvi akiona rangi fulani upande wa Ubwari, hatoi mtumbwi. Hata kama ana deni. Hakuna anayemuita muoga. Sasa mbona kijana wake akisema « jamani, radi » uwanjani, anaitwa mwanamke?

Turudi kwa wacheza gofu. Wao wanatembea saa nne au zaidi mahali pa wazi, wamebeba fimbo za chuma, kwa hiyo hofu yao ina sababu. Mwaka 1975, karibu na Chicago, bingwa Lee Trevino alikuwa amekaa pembeni ya kiwanja karibu na maji, radi ikampiga yeye na mwenzake Jerry Heard. Walipona, lakini Trevino alifanyiwa upasuaji wa mgongo. Mwaka 1991, katika mashindano ya US Open kule Minnesota, watazamaji 6 walijificha chini ya mti. Radi ikapiga, mmoja akafa. Chini ya mti, ndugu zangu, kama mwembe wetu.

Kanuni zao sasa zinasema hivi. King'ora kimoja kirefu kikilia, kila mtu anaacha papo hapo, hata kama mpira uko sentimita kumi kutoka kwenye shimo. Anayepiga tena bila sababu ya msingi anaondolewa katika mashindano. Na kuna jambo lingine ninalolipenda zaidi: mchezaji mwenyewe, akiona kuna hatari ya radi, ana ruhusa ya kuacha bila kungoja king'ora, bila kuomba mkubwa yeyote. Halafu anaweka alama mahali mpira ulipokuwa. Hali ikitulia wanaanzia palepale, na hesabu ya mwanzo haipotei.

Hapo ndipo ugonjwa wetu ulipo. Hatusimamishi mpira kwa sababu tunaogopa kupoteza matokeo. Anayeongoza anataka umalizike, anayeshindwa anataka uvunjike urudiwe toka sifuri, na mwandalizi anawaza michango aliyokusanya na mbuzi wake. Basi tukubaliane kabla ya mpira kuanza, mbele ya makapiteni wote wawili: tukisimama dakika ya 70 kwa bao 1 kwa 0, tutarudi dakika ya 70 kwa bao 1 kwa 0, leo jioni au Jumamosi ijayo. Iandikwe kwenye karatasi, wasaini. Siku hiyo hakuna atakayefaidika na radi, wala atakayeshitakiwa kwamba aliiita ili kuokoa timu yake.

Mwamuzi naye asiseme hana mamlaka. Sheria ya 5 ya mpira wa miguu, ileile inayotumika kwenye Kombe la Dunia, inampa nguvu ya kusimamisha au kuvunja mchezo kwa sababu ya jambo la nje. Radi ni jambo la nje. Kinachokosekana ni sisi kumlinda anapopiga filimbi, asirushiwe mawe.

Wapo watakaonijibu: wewe mwandishi, huku ngurumo ni kila siku, tukisimama kila mara ligi itaisha mwaka gani? Ni swali la haki, silidharau. Kwanza, si kila ngurumo. Hesabu sekunde kuanzia unapoona mwanga hadi unaposikia sauti. Kila sekunde 3 ni karibu kilometa moja. Ukifika 30 kabla ya kusikia, radi iko kilometa 10 hivi, bado mbali kidogo, lakini jicho lisitoke kwake. Chini ya 30, ondokeni. Halafu ngojeni dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Hesabu hii haihitaji intaneti wala stima, hata mtoto anayeokota mipira anaweza kupewa kazi hiyo. Pili, kuanzia mwezi wa kumi hadi wa tano tuanze mapema, saa nane badala ya saa kumi. Najua kuna ibada siku ya Mungu, najua kuna soko. Nilipopendekeza hili mahali fulani niliambiwa wachezaji watakuwa hawajala. Sawa, wale kidogo. Mashindano makubwa tuyaweke wakati wa vakansi za kiangazi, mwezi wa saba na wa nane, kama wengi wanavyofanya tayari.

Na kusimama peke yake hakutoshi kama watu hawana pa kukimbilia. Mwezi wa 11 mwaka 2024, kule Peru, mwamuzi alisimamisha mchezo kwa sababu ya radi. Wachezaji wakawa wanatoka polepole, wanaongea. Radi ikapiga, mmoja akafa palepale na golikipa akaungua. Kwetu hali ni mbaya zaidi, maana viwanja vyetu vingi havina hata kibanda. Watu wanakimbilia mwembe, au wanasimama chini ya shitingi iliyofungwa kwenye miti miwili, au wanashika nguzo za goli. Yote matatu ni kosa.

Karibu na viwanja vingi kuna shule au kanisa, ila Jumapili jioni madarasa yamefungwa na ufunguo uko kwa mkurugenzi nyumbani. Naomba wakurugenzi wa shule: mwandalizi akija na barua, mpeni ufunguo wa darasa moja au mawili. Mtasema vijana watavunja viti. Basi waweke dhamana. Kusema kweli, darasa lenye manjanja bila paratoneri si ulinzi kamili. Mwaka 2011 kule Runyanya, wilaya ya Kiryandongo nchini Uganda, radi ilipiga shule na kuua wanafunzi 18 na mwalimu mmoja. Lakini darasa lina nafuu kuliko mti au uwanja mtupu, mradi watu wakae mbali na ukuta, mlango na madirisha. Gari lenye paa la chuma, vioo vimefungwa, ni zuri pia. Pikipiki hapana. Na mashirika yanayojenga shule huku kwetu, yanayoandika majina yao kwa herufi kubwa ukutani, yangeongeza ile fimbo ya chuma juu ya paa na waya wake unaoingia ardhini. Nimeingia shule nyingi mpya za wilaya hii, na kila mara natazama juu.

Jambo lingine dogo, lakini ni la uhai. Mtu aliyepigwa na radi habaki na umeme mwilini. Mshikeni bila woga. Kama hapumui, mkandamizeni katikati ya kifua, kwa nguvu na haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku mwingine anatafuta motari wa kumfikisha hospitali. Msimfunike udongo, na msianze kumtafuta mchawi wakati mwenzenu bado anaweza kurudi.

Juu ya mchawi, niseme neno la mwisho. Mwaka 1998, kama ilivyotangazwa dunia nzima, huko Kasai radi iliua wachezaji 11 wa timu moja uwanjani. Timu mwenyeji haikuguswa hata mtu. Matokeo yalikuwa 1 kwa 1. Bila shaka watu walisema ni uchawi, na ukisikia hesabu hiyo unaelewa kwa nini. Lakini umeme wa radi ukishuka unatambaa ndani ya ardhi iliyolowa. Waliosimama karibu na pale ulipoingia wanaanguka pamoja, na walio upande mwingine wa uwanja wanabaki wamesimama. Haichagui jezi. Pale kwetu ilichagua mti wa ngazi kwa sababu ulikuwa mrefu kuliko vyote nyuma ya goli lile. Mzee tuliyemtaja hakuwepo hata uwanjani. Alikuwa kwake, miguu inamuuma.

Amesharudi nyumbani sasa. Nilipita kumsalimia. Aliniuliza kama fainali ilimalizika, nikamwambia hapana, timu hazijaelewana waanzie wapi. Akacheka kidogo, akaniuliza tarehe. Nimewaandikia waandalizi, nikawapa karatasi yenye nafasi ya sahihi za makapiteni wawili. Mpaka leo nimepata moja.