Lugha ya Tiba na Lugha ya Darasa: Funzo la UVIKO-19

Janga la UVIKO-19 lilidhihirisha mgongano uliomo katika sera ya lugha ya Tanzania Bara. Tangu Machi 2020 umma ulielekezwa kujikinga kwa Kiswahili, na istilahi zikaenea upesi. Neno barakoa, kwa mfano, jina la kale la kifuniko cha uso cha wanawake wa pwani, lilipata maana mpya na kukubalika mara moja.

Shule zilipofungwa hadi Juni 2020, hali ilikuwa kinyume. Mwanafunzi wa sekondari alirejea nyumbani na vitabu vya Kiingereza. Wazazi wengi walioelewa vyema maelekezo ya daktari hawakuweza kuwasaidia watoto wao kusoma habari za virusi katika somo la biolojia.

Mwaka 2021 Serikali ilitumia sehemu ya mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kujenga madarasa 15,000. Hatua hiyo yastahili sifa. Hata hivyo, kuta mpya haziondoi kikwazo cha lugha. Iwapo Kiswahili chatosha kuokoa maisha, dai kwamba hakitoshi kufundishia sayansi halina mashiko.