Ushungi wa mtoto na gurudumu la bodaboda

Leo tuyaweke kando magauni ya biharusi, tuzungumzie nguo inayovaliwa karibu kila siku nyumbani kwetu: sare ya skuli.

Hapa Unguja watoto wengi wanapelekwa skuli kwa bodaboda na Vespa. Simama barabarani asubuhi utaona: dereva mbele, watoto wawili au watatu nyuma, mshikaki, bila kofia ngumu. Wa mwisho ni mtoto wa kike, kakaa upande, ushungi unapepea nyuma yake. Wengine wanasema mashaallah, kapendeza. Mimi fundi naona kitambaa kirefu karibu na gurudumu linalozunguka.

Kitambaa kikiingia kwenye spoku au mnyororo hakichaniki tu. Kinajizungusha na kuvuta, na ushungi umepita shingoni. Unaweza kumwangusha mtoto, unaweza kumkaba. Sketi pana na buibui nazo ni vivyo hivyo.

Wapo watakaosema, basi avue ushungi akiwa njiani. Hapana. Stara haigombani na usalama, tatizo ni mshono. Mwambie fundi wako mtoto anapanda pikipiki. Ushungi uishie kifuani na ncha zote zichomekwe ndani au zikae chini ya mikanda ya begi. Sketi ipewe nafasi ya kutosha, na ndani avae suruali, ili akae kwa kupanua miguu na kushika vizuri. Kukaa upande hakuna pa kujizuia dereva akifunga breki.

Kisha kofia ngumu. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoua zaidi watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 duniani. Kofia ya dereva inayocheza kichwani kwa mtoto haimkingi. Atafutiwe inayomkaa, ifungwe kidevuni, na chini yake asiwe na pini, avae kikofia chepesi cha kitambaa.

Najua jibu: kofia ghali. Lakini kila harusi tunashona sare mpya, na harusi moja ina sare mbili. Nasema hivi nami nakula kwa sare hizo. Tuache moja mwaka huu, tumnunulie mtoto kofia.

Na dereva naye tuzungumze naye. Tunaolipa kwa mwezi tuna haki ya kuweka masharti: apakie mtoto mmoja, aende taratibu. Mtoto ambaye miguu yake haifiki pa kukanyagia asipande kabisa, atembee na mkubwa wake au apande gari.

Tunasema tumemwachia Mungu. Ni kweli, lakini Mtume wetu (SAW) alimfundisha mtu amfunge ngamia wake kwanza, kisha ategemee. Dua ya mlangoni haiondoi kazi ya mkono.

Na wewe biharusi mtarajiwa, yashike haya mapema, Inshaallah watoto watakuja. Sisi wenye watoto, kesho asubuhi kabla hajapanda, tushike ncha ya ushungi wake tuone inafika wapi.