Tuanze na zebaki

Nikiwa TP wilayani Butiama niliandika ubaoni dhahabu na fosforasi, nikavusha valensi chapchap, nikapata AuP. Inapendeza, ila si kweli. Fosfidi ya dhahabu inayojulikana ni Au₂P₃, na hutengenezwa maabara kwa kupasha moto dhahabu na fosforasi nyekundu. Buhemba haichimbwi. Kijana wa nyuma akauliza, "Mwalimu, na ile ya zebaki?"

Hiyo anaijua. Ameona wachimbaji wadogo wakiichanganya na mchanga kwenye beseni, wakikamua donge kwa kitambaa, kisha wakilichoma. Zebaki huchemka kwenye nyuzijoto 357, mvuke unaingia mapafuni, dhahabu inabaki. Nilimwambia tutafika huko. Hatukufika, TP ikaisha.

Wenzangu wa ualimu mtakaopangwa Musoma, Bunda au Butiama, msinirudie. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020, lakini mtoto hasomi mikataba, anatusikiliza sisi. Mtasema silabasi ni ndefu. Sawa, lakini dakika kumi hazikosekani: zebaki haichomwi ndani ya nyumba, watoto na wajawazito wakae mbali, na anayechoma atumie chombo kilichofungwa kinachonasa mvuke.