Frateri, Nisome Nini?

Likizo iliyopita tulikuwa parokiani, mafrateri wawili, na baada ya Misa ya pili alitufuata daktari kijana, binti wa kigango kimojawapo. Shahada ya kwanza ameshamaliza, utarajali ameshamaliza, na kwa miaka miwili ameitumikia hospitali ya wilaya. Alikuwa na simu mkononi, ukurasa wa maombi ya shahada ya uzamili umefunguka, na siku tisa zimebaki kabla dirisha halijafungwa. "Frateri, nisome nini?"

Mama yake anataka upasuaji. Mganga mfawidhi wake anamshauri magonjwa ya wanawake na uzazi, kwa sababu huko bingwa hakosi kliniki ya jioni. Yeye mwenyewe alikuwa akiwaza usingizi, yaani fani ya daktari anayemlaza mgonjwa kabla ya kisu na kumwamsha baadaye. Alilitaja kwa sauti ya chini, kama mtu anayeungama.

Tukamjibu, "Omba, daktari. Roho Mtakatifu atakuangaza." Akashukuru, akaenda zake. Kufikia chakula cha mchana tulikuwa tumeshaanza kuona aibu.

Maana sisi hakuna aliyetuambia tuombe tu. Sisi tumepewa walezi, baba wa kiroho, falsafa, teolojia baadaye, mwaka wa uchungaji, na paroko anayeandika taarifa zetu kila likizo. Kanisa linatumia miaka mingi kuupambanua wito wetu. Wito wa yule dada tuliutengea dakika tano chini ya mwembe. Kwa maoni yetu hilo ni kosa, na si la mafrateri wawili peke yao.

Darasani tumesoma kwa Aristotle kwamba daktari hashauriani na nafsi yake kama aponye au asiponye. Lengo lipo tayari. Anachotafakari ni njia. Lakini mtu anapochagua uzamili, lengo lenyewe huweza kuteleza bila yeye kujua. Alianza akitaka kuponya, sasa anatafuta njia ya kuhamia mjini. Mtakatifu Ignasi wa Loyola aliliona jambo hilohilo katika Mazoezi ya Kiroho: watu wengi huchagua kwanza njia, kisha humwomba Mungu aje kuibariki. Ndiyo maana alitoa zoezi ambalo tungepaswa kumpa daktari wetu siku ile. Mfikirie mtu usiyemjua, unayemtakia mema yote, amekuja na swali hilihili: ungemshauri nini? Basi fuata ushauri huo mwenyewe.

Tulimtafuta siku ya pili, tukakaa naye vizuri, safari hii tukiuliza badala ya kuhubiri. Ni nani anayekufa hospitalini kwako kwa kukosa mtu wa kumhudumia? Hakusita hata kidogo. Daktari wa kufanya upasuaji yupo, chumba kipo, lakini mtaalamu wa usingizi ni mmoja, naye ni muuguzi aliyepata mafunzo ya ziada. Akiugua au akienda msibani, mama mwenye uchungu uliokwama anapandishwa gari la wagonjwa, na barabara mnaijua.

Wala si wilaya ile peke yake. Mwaka 2015 tume ya jarida la kitabibu la Lancet ilieleza kwamba watu bilioni 5 duniani hawafikiwi na upasuaji salama wanaoweza kuumudu, na ikapendekeza nchi ziwe na angalau mabingwa 20 wa upasuaji, usingizi na uzazi kwa kila watu 100,000. Usingizi umo katika hesabu hiyo sawa na upasuaji. Tatizo ni kwamba mgonjwa hulikumbuka jina la aliyempasua, na aliyemlaza hamjui. Patholojia ni hivyo hivyo, afya ya akili ni hivyo hivyo, tiba shufaa ndiyo kabisa. Hakuna mama anayejisifu kwenye jumuiya kwamba mwanawe ni bingwa wa patholojia.

Mtakatifu Gianna Beretta Molla, daktari wa Italia, alifungua kliniki Mesero mwaka 1950, akapata ubingwa wa magonjwa ya watoto mwaka 1952. Tunaupenda mpangilio huo: wagonjwa walitangulia, ubingwa ukafuata.

Lakini tusijifanye hatuoni upande wa pili. Kwetu, anayesomea udaktari bingwa ni mwanafunzi wa miaka kadhaa anayelipa ada huku akilala wodini zamu baada ya zamu. Asipopata ufadhili wala ruhusa yenye mshahara, atakula nini? Dada huyu anasomesha wadogo zake wawili. Sisi ambao hatujui kilo ya maharage ni shilingi ngapi mwezi huu, kwa sababu tunayakuta mezani, tutamwambia vipi asifikirie kipato? Kufikiria kipato si dhambi. Pia ipo busara ya vifaa: fani inayohitaji mashine ambazo hospitali yako haitazipata kwa miaka ishirini itakurudisha mjini utake usitake. Na chuo kisichaguliwe kwa jina tu. Iwe Muhimbili, Bugando au KCMC, aulize waliopo ndani sasa: wakufunzi wa fani hiyo ni wangapi, na mwanafunzi anashika wagonjwa au anasimama nyuma akitazama?

Hapo ndipo tunapowageukia wanaparokia, mtuwie radhi. Kwa daraja la upadre tunachanga bila kuchoka, na tunashukuru, maana zamu yetu inakuja. Lakini ni parokia ngapi zimewahi kuweka ada ya daktari au muuguzi kwenye bajeti ya mwaka? Jimbo lenye hospitali linaweza kuingia mkataba naye: tunakulipia, urudi utumike miaka kadhaa. Nusu ya kinachotumika kwenye keki na mahema ya sherehe zetu kingesaidia mwanzo.

Yule dada alituma maombi siku ya mwisho, saa nne usiku, mtandao ukisuasua. Ameomba usingizi. Ufadhili bado hajaupata. Ameandika barua kwa jimbo na anasubiri majibu. Mama yake anaendelea kuwaambia wenzake wa WAWATA kwamba binti anakwenda kusomea upasuaji.