Programu Nayo Ni Maandishi

Wapo wenzetu wanaodhani kwamba uandishi wa programu za kompyuta ni shughuli ya wanahisabati peke yao, isiyowahusu watu wa vina na mizani. Mimi, mwalimu mstaafu wa sekondari, naipinga dhana hiyo. Programu ni maandishi, na maandishi yana msomaji.

Tuitazame lugha ya C, iliyobuniwa na Dennis Ritchie huko Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kompyuta haijali sura ya maandishi yake. Ukizirundika amri mia moja katika mstari mmoja, itazitekeleza bila kunung'unika. Mpangilio wa mistari, nafasi zinazoachwa pembeni na majina yenye maana vipo kwa ajili ya binadamu atakayeisoma programu kesho ili airekebishe.

Mwaka 2014 iligunduliwa kasoro katika programu ya Apple ya kuhakiki utambulisho wa tovuti. Amri moja ya kuruka ilikuwa imeandikwa mara mbili. Ya kwanza ilitawaliwa na sharti. Ya pili, kwa kukosa mabano, haikutawaliwa na sharti lolote, ingawa ilisogezwa ndani sawasawa na mwenzake. Jicho liliona amri mbili zinazotii sharti. Kompyuta ikaruka kila ilipofika hapo, na hatua muhimu ya uhakiki ikaachwa. Sura ilisema hivi, maana ikasema vile. Mazoea ya kufunga kila sharti kwa mabano yangeweza kuizuia kasoro hiyo, au kuifichua mapema.

Mshairi analielewa jambo hili. Tunapotenga ukwapi na utao, tunamwongoza msomaji atue pale maana inapotua. Mpangilio unaopotosha maana ni hadaa, hata kama mizani imetimia.

Yapo pia majina. Maneno ya msingi ya C, 32 katika kiwango cha mwaka 1989, yametokana na Kiingereza, lakini majina mengine huchaguliwa na mwandishi mwenyewe. Kiswahili hakina alama juu ya herufi, hivyo "jumla" au "idadi_ya_wanafunzi" hukubalika kama yalivyo. Ng'ombe ndiye atakayekosa zizi, maana C hairuhusu ritifaa ndani ya jina!

Najua programu itakayosomwa na watu wa mataifa mengi huhitaji lugha yao ya pamoja. Lakini mwanafunzi anayeanza, akiandika "x2" kwa kuogopa Kiingereza, hujinyima ufafanuzi ambao lugha yake ingempa bure.

Basi walimu wa Kiswahili tusikae kando. Kuchagua jina linalosema kweli, kugawa hoja ndefu katika mafungu mafupi na kuondoa neno lisilo na kazi ni mambo tuliyoyafundisha kwa miaka mingi katika insha na ushairi. Vijana wanaoandika programu wanayahitaji vilevile.